Kuvimba Bila Kijidudu

Njia huwa ni ileile. Msichana anaumwa tumbo la chini kila anapoingia mwezini, na maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka mpaka anakosa shule siku mbili tatu za kila mwezi. Nyumbani anaambiwa ni chango, mama yake naye alikuwa nalo, akizaa litakwisha. Zahanati anaambiwa ni PID, yaani maambukizi ya viungo vya uzazi vya nyonga, anaandikiwa doksisaiklini na metronidazo. Anameza, hedhi inakatika, maumivu yanapungua, naye anaamini dawa imefanya kazi. Mwezi unaofuata yanarudi, anaandikiwa dawa zilezile. Ultrasaundi haionyeshi kitu. Miaka inapita, pengine ameshaolewa na mimba haiingii, ndipo daktari wa upasuaji anapopitisha kamera kitovuni na kukuta mabaka mekundu, meusi na meupe yametapakaa kwenye nyonga, ovari zimeng'ang'aniana na utumbo. Siku hiyo ndiyo anasikia kwa mara ya kwanza neno endometriosisi.

Aliyemwambia ana PID aliona kitu cha kweli. Nyonga ile ilikuwa imevimba, ina joto, inauma ikiguswa, na majimaji yake yamejaa chembe nyeupe za damu. Alichokosea ni sababu. Alidhani kila panapovimba pana kijidudu. Kosa hilo moja linawagharimu wanawake wengi miaka yao ya ujana, na ili kulielewa inabidi tuulize swali ambalo watafiti wenyewe wamelizungusha kwa zaidi ya miaka 40: inflamesheni ina kazi gani hasa katika ugonjwa huu? Je, ndiyo inayouanzisha, au inaufuata tu?

Inflamesheni ni mwitikio wa kinga ya mwili mahali palipoumia au palipoingiliwa. Celsus, mwandishi wa tiba wa Roma katika karne ya kwanza, alizitaja dalili zake nne ambazo wanafunzi wa udaktari hukariri hadi leo: wekundu, kuvimba, joto na maumivu. Kwa kawaida ni kazi ya muda mfupi. Chembe za kinga hufika, husafisha, huita chembe za kujenga, kisha hutulia. Endometriosisi ni hali ambamo tishu inayofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi inaota nje ya mfuko huo, hasa kwenye utando wa tumbo, ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi na kwenye utumbo. Huko nje tishu hiyo inasikia homoni za kila mwezi, inavuja damu, na kila ikivuja, kinga inaitwa tena, bila kupata nafasi ya kutulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wana ugonjwa huu, yaani karibu milioni 190 duniani.

Maelezo mashuhuri zaidi ya jinsi tishu hiyo inavyofika huko ni ya John Sampson, daktari wa wanawake wa Albany, jimbo la New York. Mwaka 1927 alieleza kwamba wakati wa hedhi sehemu ya damu hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika tumboni, ikiwa imebeba vipande hai vya utando, navyo hushika na kuota. Maelezo haya yana nguvu, lakini yanakwama kwenye jambo moja. Mwaka 1984 Jouko Halme na wenzake walichunguza majimaji ya tumboni ya wanawake waliokuwa katika hedhi, na wakakuta damu kwa takriban wanawake 9 kati ya 10 ambao mirija yao ilikuwa wazi. Ikiwa karibu kila mwanamke anarudisha damu nyuma, mbona mmoja tu kati ya kumi ndiye anayeugua?

Hapo ndipo kinga ya mwili inapoingia katika simulizi. Kwa wanawake wengi, damu na vipande hivyo huliwa na makrofeji, chembe kubwa za kinga zinazomeza takataka za mwili, na hakuna kinachobaki. Tangu miaka ya 1980 tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa wenye endometriosisi mambo huenda kombo. Makrofeji katika majimaji yao ya tumboni ni wengi zaidi na wamechangamka zaidi, lakini uwezo wao wa kumeza umepungua. Chembe nyingine za kinga, zile ambazo kazi yake ni kuua seli zilizopotea njia, nazo zimelegea. Kwa hiyo walinzi wapo, tena wamezidi idadi, ila hawafagii. Badala ya kufagia wanamwaga saitokini, kemikali ambazo seli za kinga hutumia kuitana: interlukini-1, interlukini-6, interlukini-8 na TNF-alfa. Kemikali hizo zinaita chembe zaidi, na pia zinaotesha mishipa midogo ya damu inayolisha kile kilichopaswa kuondolewa.

Katikati ya yote haya kuna mzunguko ambao nadhani kila anayemhudumia mwanamke mwenye maumivu ya hedhi angepaswa kuujua. Saitokini zinachochea kimeng'enya kiitwacho COX-2 ndani ya mabaka. COX-2 inatengeneza prostaglandini E2, kemikali inayoleta maumivu na kuvimba. Lakini prostaglandini E2 ina kazi nyingine huko: inawasha aromatesi, kimeng'enya kinachogeuza homoni nyingine kuwa estrojeni. Utando wa kawaida wa mfuko wa uzazi hauna aromatesi ya maana. Mabaka ya endometriosisi yanayo, kama walivyoonyesha Serdar Bulun na wenzake nchini Marekani katika miaka ya 1990. Kwa hiyo baka linajitengenezea estrojeni yake lenyewe, hapo hapo lilipo, bila kusubiri ovari. Na estrojeni hiyo inachochea COX-2 zaidi. Duara limefungwa: kuvimba kunazaa homoni, homoni inazaa kuvimba.

Homoni ambayo kwa kawaida ingelivunja duara hili ni projesteroni. Ndani ya mfuko wa uzazi, projesteroni hutuliza kinga na kuzuia utando usizidi kukua. Katika mabaka mengi sauti yake haisikiki vizuri, kwa sababu vipokezi vyake vimepungua, na inflamesheni yenyewe inachangia kuvipunguza. Ndiyo maana kuna wanawake wanaopewa dawa za aina ya projesteroni wakapona maumivu ndani ya miezi michache, na wengine wakameza dawa hiyohiyo bila nafuu. Mwanamke wa namna hiyo ya pili mara nyingi huambiwa kwamba hakumeza vizuri, au kwamba maumivu yake ni ya mawazo. Ni dhuluma, na maelezo ya kibiolojia ya kilichomtokea yapo.

Damu yenyewe inaongeza shida. Chembe nyekundu zikivunjika tumboni zinaacha madini ya chuma. Makrofeji wanayameza mpaka yanawazidi, na chuma kilichozidi kinazalisha molekuli kali zinazounguza seli za jirani na kuwasha tena njia zilezile za inflamesheni. Baada ya kila hedhi kunakuwa na jeraha na jaribio la kuliponya. Sun-Wei Guo wa Chuo Kikuu cha Fudan, Shanghai, ametetea kwa miaka mingi hoja kwamba baka la endometriosisi ni jeraha linaloumizwa na kuponywa tena na tena, na mwisho wake ni kovu. Hoja yake inaeleza jambo ambalo madaktari wa upasuaji wanalijua kwa mikono: mabaka ya zamani ni magumu, meupe, yana kovu zaidi kuliko tishu hai, na yanavivuta viungo vya jirani mpaka vinashikana.

Sasa turudi kwenye swali la lipi lilitangulia. Kwa binadamu ni vigumu kulijibu, kwa sababu mwanamke anafika kwa daktari ugonjwa ukiwa umeshakaa miaka. Huwezi kumchunguza siku ambayo baka la kwanza linashika. Jibu lilihitaji mnyama anayepata hedhi kama binadamu, na wanyama hao ni wachache. Mmojawapo ni nyani wetu wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1990, Thomas D'Hooghe, daktari kutoka Ubelgiji, alifanya kazi pamoja na watafiti wa Kenya katika taasisi ya utafiti wa wanyama jamii ya nyani iliyoko Karen, Nairobi, kando ya msitu wa Oloolua. Walikuta kwamba baadhi ya nyani hupata endometriosisi wenyewe bila kufanyiwa chochote. Kisha walichukua utando wa hedhi wa nyani na kumpandikizia nyani yuleyule ndani ya nyonga, ugonjwa ukaota. Hiyo ilikuwa hoja nzito upande wa Sampson.

Nikiwa Mswahili ninayefuatilia mambo haya, nafurahi kwamba sehemu muhimu ya ujuzi wa dunia kuhusu ugonjwa huu ilipatikana Nairobi, na nasikitika kwamba ni wachache sana kwetu wanaolijua hilo.

Walichokikuta watafiti hao wa Karen kuhusu inflamesheni hakikuwa na jibu moja. Majimaji ya tumboni ya nyani yalionyesha inflamesheni wakati wa hedhi, na tena baada ya kupandikizwa utando. Kwa hiyo kuvimba kulikuja baada ya tishu kufika, yaani ni matokeo. Lakini walipowapa nyani dawa za kudhoofisha kinga, wale waliokuwa tayari na ugonjwa wa asili waliongezeka mabaka. Maana yake kinga ilikuwa ikifanya kazi fulani ya kuuzuia ugonjwa usienee. Ukiyaweka matokeo haya pamoja, kinga hiyohiyo inaonekana kuwa mlinzi na mchochezi. Miaka mingi baadaye, mwaka 2021, watafiti wa Uingereza waliokuwa wakifanya kazi na panya walipata maelezo yanayofanana: makrofeji hutofautiana kwa asili yao, na wale waliotoka katika utando uliopandikizwa walisaidia mabaka kukua, ilhali baadhi ya wale waliotokana na damu na kuhamia tumboni waliyazuia. Ukiua makrofeji wote bila kuchagua, unaua na wale wanaokulinda.

Nyani wa Karen walitoa tena somo jingine, na hili ndilo ninaloliona zito kuliko yote. TNF-alfa ni mojawapo ya saitokini zinazopatikana kwa wingi kwa wagonjwa, na dawa za kuizuia zilikuwa zimewasaidia sana wagonjwa wa baridi yabisi. Watafiti waliwajaribia nyani dawa za namna hiyo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo yanayoonyesha kwamba dawa iliyozuia TNF ilizuia ugonjwa usiote, na nyingine, kingamwili dhidi ya TNF, ilipunguza mabaka yaliyokwisha kuota, hasa yale mekundu. Tena hayo yalifanyika bila kuzima hedhi wala kuondoa estrojeni mwilini, jambo ambalo dawa nyingi za homoni haziwezi. Kwa mwanamke anayetaka mimba huku akitibiwa, hiyo ingekuwa habari kubwa mno.

Kisha dawa ya jamii hiyo, infliksimabu, ikajaribiwa kwa wanawake 21 huko Leuven, Ubelgiji, na matokeo yakatoka mwaka 2008. Wote walikuwa na maumivu makali na vinundu vya endometriosisi iliyozama ndani ya tishu. Waliopewa dawa walipata nafuu, na waliopewa dawa bandia walipata nafuu kiasi kilekile. Dawa haikuonyesha faida yoyote.

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kama ushahidi kwamba inflamesheni haina umuhimu. Mimi naisoma tofauti. Nyani walikuwa na ugonjwa mchanga, wa miezi michache, wenye mabaka mekundu yaliyojaa mishipa ya damu na chembe za kinga. Wanawake wa Leuven walikuwa na ugonjwa wa miaka, vinundu vilivyokwisha kuwa kovu, na mishipa ya fahamu iliyokwisha kubadilika. Kuzima saitokini moja katika hatua ile ni kuchelewa. Tena njia za inflamesheni ni nyingi na zinashikana mikono, ukifunga moja nyingine inapitisha. Kwa hiyo swali la chanzo au matokeo naona limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Inflamesheni inafuata tishu iliyopotea, halafu inakuwa ndiyo inayoilisha, halafu inaacha makovu na neva zilizovurugika ambazo zinaendelea kuumiza hata yenyewe ikipoa. Kazi yake inabadilika kadiri ugonjwa unavyokua, na tiba lazima ijiulize ipo katika hatua gani.

Neva zinahitaji kusemwa peke yake. Madaktari wameshangaa kwa muda mrefu kuona mwanamke mwenye mabaka machache analia kwa maumivu, na mwingine aliye na nyonga iliyojaa makovu hasikii kitu. Hatua nne za ugonjwa zinazotumika kuupima hazilingani vizuri na maumivu. Sehemu ya jibu ni kwamba makrofeji na neva wanazungumza. Estrojeni inazifanya neva zitoe kemikali za kuwaita makrofeji, na makrofeji wanatoa kemikali za kuzikuza na kuziamsha neva. Kazi ya Erin Greaves na wenzake nchini Uingereza imeonyesha hatua hizo moja baada ya nyingine. Neva ikiamshwa kwa miaka, uti wa mgongo na ubongo navyo vinajifunza kuumwa, kiasi kwamba kibofu kikijaa kidogo tu kinauma, choo kinauma, tendo la ndoa linauma. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuondolewa mabaka yote kwa upasuaji mzuri na bado akaumwa. Hadanganyi.

Je, kijidudu hakimo kabisa? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walichapisha utafiti wa wanawake 155. Walikuta bakteria wa jamii ya Fusobacterium ndani ya utando wa mfuko wa uzazi wa asilimia 64 ya wenye endometriosisi, na chini ya asilimia 10 ya wasio nayo. Kwa panya, bakteria hao waliongeza mabaka na antibayotiki ziliyapunguza. Ni matokeo ya kusisimua, na yanalingana na picha tuliyoichora: bakteria huyo anaamsha makrofeji, nao wanaanzisha mfululizo uleule. Lakini kutoka kwa panya hadi kwa mwanamke ni safari ndefu, kama nyani walivyotufundisha, na hakuna mwongozo wa tiba unaoshauri antibayotiki kwa endometriosisi. Nalitaja kwa sababu najua mtu atalitumia kuhalalisha dozi ya sita ya metronidazo. Haliihalalishi.

PID ni ugonjwa wa kweli na wa hatari. Klamidia na kisonono vinaharibu mirija, na miongozo ya tiba inataka mhudumu asisubiri vipimo vyote kabla ya kuanza dawa, kwa sababu kuchelewa kunaleta utasa. Kwetu kuna pia kifua kikuu cha viungo vya uzazi, na katika maeneo ya Ziwa na ya pwani kuna kichocho kinachoshambulia sehemu za uzazi za wanawake. Mhudumu aliyeko zahanati, asiye na maabara ya kutosha, anafanya busara kumpa mgonjwa dozi ya kwanza. Simlaumu kwa dozi ya kwanza. Lakini miongozo hiyohiyo inasema mgonjwa wa PID anatarajiwa kuanza kupata nafuu ndani ya siku 3, na asipopata, achunguzwe upya. Maumivu yanayofuata kalenda ya hedhi, yanayorudi mwezi baada ya mwezi kwa msichana ambaye pengine hajawahi kujamiiana, hayahitaji antibayotiki nyingine. Yanahitaji mtu aulize: yalianza lini, na je, yalikuja na hedhi ya kwanza? Unaumwa ukienda haja? Mama au dada yako anaumwa hivyo?

Kuchanganya magonjwa haya mawili kuna historia, na historia hiyo ina rangi ya ngozi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, vitabu vya Marekani vilieleza endometriosisi kama ugonjwa wa wanawake weupe wenye uwezo waliochelewa kuzaa. Joe Vincent Meigs wa Boston aliitangaza sana dhana hiyo na kushauri ndoa za mapema. Mwanamke mweusi mwenye maumivu yaleyale alihesabiwa kuwa na PID, yaani ugonjwa wa zinaa. Mwaka 1976 Donald Chatman, daktari wa Chicago, alichapisha matokeo ya wagonjwa wake weusi aliowachunguza kwa kamera tumboni. Zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na endometriosisi, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuambiwa wana PID. Ugonjwa ulikuwapo siku zote, ila jicho lilikuwa limefundishwa kuona kitu kingine. Afrika ilirithi vitabu hivyo. Madaktari wengi wa kizazi kilichopita walisomeshwa kwamba ugonjwa huu ni nadra kwetu, na asiyeutafuta hauoni, hasa ambapo upasuaji wa matundu madogo unapatikana katika hospitali chache za miji mikubwa. Wala madhara hayaishii kwenye tiba. Binti anayeambiwa mara tano kwamba ana maambukizi ya nyonga anarudi nyumbani akishukiwa, na mke anayeambiwa hivyo anamtazama mumewe kwa jicho jingine. Kuna ndoa zilizovunjika kwa kijidudu ambacho hakikuwapo.

Kenya ilijifunza kwa uchungu. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alisimulia hadharani kwa miaka jinsi endometriosisi ilivyofika kwenye mapafu yake, na jinsi alivyolazimika kusafiri hadi Marekani kufanyiwa upasuaji. Ugonjwa wa mapafuni ni nadra, na nadharia ya Sampson peke yake haiuelezi kwa urahisi, huenda damu au limfu nayo hubeba seli. Lakini unaonyesha kwamba tunazungumzia ugonjwa wa mwili mzima. Mwaka 2025 watafiti wa Oxford walioangalia kumbukumbu za wanawake wa Uingereza waliripoti kwamba wenye endometriosisi wana uwezekano ulioongezeka kwa asilimia 30 hadi 80 wa kuugua magonjwa kama baridi yabisi, skilerosisi ya neva na ugonjwa wa utumbo unaoletwa na ngano. Mwaka 2023 utafiti mkubwa wa jeni uliohusisha wagonjwa 60,674 ulibaini sehemu 42 za jenomu zinazohusiana na ugonjwa huu, na baadhi yake zinashirikiana na kipandauso na maumivu ya mgongo. Wanawake wale walikuwa wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Wanawake wa Afrika hawamo katika hesabu ile, na hilo linamaanisha hatujui kama dawa zitakazozaliwa kutokana nayo zitawafaa.

Tukija kwenye tiba, duara tulilolieleza linasaidia kufahamu kila dawa inakata wapi. Ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki zinazuia COX, kwa hiyo zinapunguza prostaglandini. Zinafaa zaidi zikianza mapema, maumivu yanapobisha hodi au siku moja kabla, kuliko zikimezwa mwanamke akiwa ameshajikunja. Lakini hazigusi estrojeni wala neva, na ushahidi wa nguvu yake kwa endometriosisi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kuzimeza mfululizo kwa miaka kunaumiza tumbo na figo, na wengi kwetu wanazinunua duka la dawa bila kuuliza. Dawa za homoni zinakata upande wa pili: vidonge vya majira vinavyomezwa bila kupumzika ili hedhi isije, sindano ya Depo, kitanzi chenye homoni, na dienojesti, ambayo imeidhinishwa kutibu ugonjwa huu. Hizi zinasimamisha damu, na damu ikisimama jeraha halifunguliwi tena. Haziondoi makovu, wala ugonjwa hauishi kwa kuzitumia. Tiba ya kuzima inflamesheni kwa njia mpya bado inatafutwa. Mwaka 2023 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kingamwili dhidi ya interlukini-8 ilipunguza mabaka na makovu kwa kima wa aina ya makaki, ishara kwamba hata kovu lenyewe huenda likaguswa na dawa.

Kuhusu chakula nitasema machache. Katika kundi la zaidi ya wauguzi 70,000 wa Marekani waliofuatiliwa kwa miaka 12, waliokula mafuta mengi ya omega-3, yanayopatikana katika samaki, waligunduliwa na ugonjwa kwa asilimia 22 pungufu, na waliokula mafuta mengi yaliyogandishwa viwandani waliugua kwa asilimia 48 zaidi. Dagaa na samaki ni chakula chema kwa hali yoyote. Lakini kula hivyo si tiba, na dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni kwa bei ya mshahara wa mwezi hazijaonyeshwa popote kuondoa baka hata moja.

Nyani wa Karen na wanawake wa Leuven wanaelekeza mahali pamoja: dirisha la kufanya kazi liko mwanzoni, wakati baka bado jekundu na neva bado hazijafundishwa kuumwa. Kwa wengi dirisha hilo ni umri wa sekondari. Mwaka 2022 jumuiya ya Ulaya ya tiba ya uzazi, ESHRE, iliondoa sharti la kumpasua mgonjwa ili kuthibitisha ugonjwa, na ikaruhusu tiba ya homoni ianze kwa kufuata dalili. Kwa nchi zenye kamera chache za upasuaji, mabadiliko hayo ni makubwa kuliko kwa Ulaya yenyewe. Vidonge vya majira na sindano ya Depo vipo tayari katika kliniki za uzazi wa mpango hata vijijini, vingine bila malipo. Kinachomzuia msichana wa miaka 16 asivipate ni hofu ya mama kwamba vitamharibia kizazi, na aibu ya mhudumu kumpa binti asiyeolewa dawa inayojulikana kwa kazi nyingine. Depo inaweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuachwa, na hilo mama anapaswa kuambiwa waziwazi. Aambiwe pia kwamba ugonjwa usiotibiwa nao unashambulia mirija na ovari kila mwezi, na kwamba miongoni mwa wanawake wanaohangaika kupata mtoto, robo hadi nusu hukutwa na endometriosisi.